Sauti Chafu kwa Makusudi: Roki ya Miaka ya Sitini Ndani ya Chumba cha Dodoma

Kijana mmoja wa Nkuhungu alikuja kwangu na laptopu, akaichomeka kwenye spika zangu na kunisikilizisha wimbo wake. Gitaa alikuwa amelipiga vizuri, tena vizuri sana. Kwenye programu yake ya kurekodi alikuwa amejaza plagini, yaani vijiprogramu vinavyoiga vifaa vya sauti, za kila namna: ya tepu, ya ampu (kikuza sauti cha gitaa) ya Vox, ya mwangwi wa kizamani, hata ya mikwaruzo ya santuri. Wimbo ulipokwisha alikaa kimya kidogo, kisha akasema, "Kaka, mbona unasikika kama tangazo la sabuni?"

Hakukosea. Ulisikika hivyo hivyo.

Muziki alioutaka unaitwa roki ya saikideliki. Ulishika kasi Marekani na Uingereza kati ya 1965 na 1970: magitaa yanavuma kama nyuki, sauti ya mwimbaji inatoka kama yuko ndani ya kisima, vitu vinazunguka kutoka sikio hili kwenda lile, na mara nyingine solo inapigwa kinyumenyume. Haukuishia huko. Miaka ya sabini Zambia ilikuwa na WITCH, Amanaz na Musi-O-Tunya, na leo muziki wao unaitwa Zamrock. Sisi tulikuwa na Sunburst, bendi ya Dar es Salaam iliyoacha albamu moja, Ave Africa, ya 1976. Kwa hiyo kijana wa Nkuhungu hakuwa anaazima kitu cha watu wa mbali sana.

Kosa lake ni kosa la wengi. Alirekodi kila kitu kikiwa safi, halafu mwishoni akataka kupaka uzee juu yake kama mtu anayepaka rangi ukuta. Huku kwetu kuna maziwa yanayowekwa kwenye kibuyu kilichofukizwa. Ile harufu ya moshi unayokutana nayo kikombeni haikutiwa mezani. Ilikuwamo kwenye kibuyu kabla ng'ombe hajakamuliwa. Huwezi kuchukua maziwa ya pakiti ukayapulizia moshi ukategemea yaleyale. Sauti ya 1967 ilipita kwenye gitaa lililokoroma, ampu iliyozidiwa, chumba chenye tabia zake, maiki moja iliyosikia kila kitu, tepu iliyojazwa kupita kiasi, kisha ikahamishwa kutoka tepu hadi tepu. Kila hatua iliila kidogo. Tunachokipenda leo ni hizo hasara zilizopandana, na ukitaka kuzipata kwa vifaa vya sasa lazima ujue kila moja ilitokea wapi na kwa nini.

Mkoromo

Kabla ya kwenda ng'ambo tupite kwa Wagogo kwanza. Hayati Hukwe Zawose, aliyefariki 2003, aliipeleka ilimba ya Kigogo, kasha la mbao lenye vijino vya chuma vya kupigwa kwa vidole, kwenye majukwaa ya dunia. Ukiishika ilimba na kuitazama kwa karibu, utaona kwenye kasha lake kuna kitobo kilichozibwa kwa utando mwembamba wa buibui. Ukipiga kijino cha chuma, utando unatetemeka na kukoroma. Fundi angeweza kuacha kitobo wazi, sauti ikatoka safi kama kengele. Hakutaka. Zaidi ya hapo, baadhi ya vijino havipigwi kabisa. Vinaitikia vyenyewe wenzao wanapopigwa.

Utando ule unafanya kazi ileile ya kifaa cha gitaa kinachoitwa fazi. Noti yoyote hubeba juu yake sauti nyingine ndogo, zenye mtetemo mara mbili, mara tatu, mara nne ya ule wa chini. Gitaa safi la umeme huzificha. Kitu kikikoroma zinajitokeza, na noti moja inaanza kusikika kama kundi.

Fazi ya gitaa ilianza kwa ubovu. Mwanzoni mwa miaka ya sitini huko Nashville, Marekani, gitaa la besi la Grady Martin lilirekodiwa kupitia chaneli ya miksa iliyoharibika, kwenye wimbo wa Marty Robbins. Badala ya kurudia, wakaiacha ile sauti iliyopasuka. Fundi mitambo wa kazi ile, Glenn Snoddy, akatafuta namna ya kuitengeneza sauti hiyo kwa makusudi, na 1962 kikaingia sokoni kiboksi cha Maestro Fuzz-Tone. Hakikuuza sana mpaka The Rolling Stones walipokitumia 1965. Baada ya hapo kila mpiga gitaa alikitaka, na 1966 ikaja Fuzz Face, ile ya mviringo iliyokuwa chini ya mguu wa Jimi Hendrix.

Ndani yake hakuna miujiza. Wimbi la gitaa ni la mviringo, kama vilima vya Mlimwa. Fazi inalikuza kupita uwezo wa transista, vilele vinakatwa, na wimbi linabaki bapa juu na chini kama boksi. Pembe za boksi hilo ndizo zinazotoa mkoromo.

Hapa Dodoma ina la kusema. Fazi za mwanzo zilitumia transista za jermaniamu, na jermaniamu huvujisha umeme kadiri joto linavyopanda. Niliunganisha moja mwenyewe. Asubuhi za Julai, upepo ukipiga na watu wamevaa masweta, ilikuwa inakoroma vizuri mno. Novemba saa nane mchana, chini ya bati, ikasinzia: noti zikawa zinakatika katikati kama simu yenye mtandao mbovu. Niliiweka kwenye friji robo saa ikarudi kazini. Mke wangu aliikuta pembeni ya mchicha na hakusema neno, jambo ambalo ni baya zaidi kuliko kusema. Siku hizi natumia yenye transista za silikoni ambazo hazijali joto, ila nazishusha makali kwa kupunguza sauti kwenye gitaa lenyewe. Jifunze kutumia hiyo nobu. Kwenye fazi nzuri, nobu ya gitaa ikiwa kwenye kumi unapata nyuki, ikiwa kwenye sita unapata gitaa linalolia kidogo tu, na wapigaji wa zamani walicheza na tofauti hiyo ndani ya wimbo mmoja.

Sasa jambo ambalo kijana wa Nkuhungu hakulijua, na ambalo peke yake lilikuwa nusu ya tangazo la sabuni. Fazi ikienda moja kwa moja kwenye kadi ya sauti, kile kifaa kinachoingiza sauti kwenye kompyuta, inasikika kama mbu. Sababu ni kwamba mkoromo ule una sauti nyembamba nyingi sana za juu, na zamani zilikuwa zinamezwa na spika. Spika ya gitaa ya inchi 12 karibu haitoi kitu juu ya hezi 5,000 (mitetemo kwa sekunde). Spika ile ndiyo kichujio. Ukiiruka, umeruka chombo kizima. Kwa hiyo baada ya fazi na ampu, iwe ya kweli au ya plagini, lazima kuwe na kasha la spika. Plagini nyingi za gitaa zinalo, hakikisha tu hukulizima. Kuna njia nyingine ambayo naipenda zaidi. Tafuta redio kaseti ya zamani yenye tundu la kuingizia sauti, pitisha gitaa humo, pandisha sauti mpaka spika ianze kulalamika, kisha weka maiki sentimita chache mbele ya kitambaa chake. Spika ndogo ya inchi nne inatoa sauti ya kimkebe ambayo hakuna plagini iliyowahi kunipa.

Wapo waliofanya kinyume wakafaulu. Magitaa ya "Revolution" ya The Beatles, 1968, yalichomekwa moja kwa moja kwenye miksa na kuipasua makusudi. Lakini miksa ile ilikuwa ya valvu, zile taa za kioo zilizotumika kabla ya transista. Kadi yako ya sauti ukiipasua haikoromi, inatema michubuko.

Mawili ya haraka: gitaa lichomekwe kwenye tundu lenye alama ya gitaa, la sivyo litapauka, na fazi ikae ya kwanza kabisa baada ya gitaa, kabla ya pedali nyingine yoyote.

Mlima na ukuta

Tepu ni plastiki iliyopakwa chembe za madini yanayoshika sumaku. Sauti ndogo inazigeuza chembe chache, sauti kubwa inazigeuza nyingi. Zikikaribia kuisha, sauti ikizidi kuongezwa hakuna tena chembe za kutosha kuitikia, kwa hiyo kilele cha wimbi kinalazwa polepole badala ya kukatwa. Ngoma inakuwa nene, tarumbeta inalainika, na matoazi yanapoteza ule ukali wa kuchoma sikio.

Dijitali haina tabia hiyo. Inapanda bila kubadilika mpaka sifuri, ambayo ndiyo kikomo chake cha juu, kisha inakutana na ukuta. Tepu ni mlima: kadiri unavyopanda ndivyo unavyochoka. Ndiyo maana ushauri wa zamani wa "rekodi mpaka mshale uingie kwenye nyekundu" ni sumu kwenye laptopu. Rekodi kwa biti 24, vilele viishie karibu na desibeli 10 au 12 chini ya sifuri, halafu uchafu uufanye mahali pengine ambapo unaupenda.

Mahali hapo panaweza kuwa dekk ya kaseti. Mafundi redio bado wapo, na kwenye rafu zao za juu kuna dekk ambazo wenyewe hawajarudi kuzichukua. Ukiinunua, mwombe fundi akusafishie hedi, ile sehemu inayogusa tepu kurekodi na kusoma, kwa pamba na spiriti na abadilishe mkanda wa mota. Kaseti tupu ni adimu, ila kaseti za kwaya na mahubiri ziko tele. Zina kitobo kule juu kinachozuia kurekodi. Kizibe kwa selotepu, inakubali. Sehemu ya kufuta ya dekk yangu imechoka, kwa hiyo kwenye wimbo wangu mmoja, chini kabisa, pale gitaa linapopumzika, anasikika mhubiri akiwaambia watu wasimame.

Elewa lakini kwamba kaseti na tepu ya studio ni ndugu wa mbali. Tepu za studio nyingi zilikimbia sentimita 38 kwa sekunde, kaseti inakwenda 4.76. Kadiri tepu inavyokwenda taratibu na kuwa nyembamba ndivyo inavyopoteza sauti za juu na kuongeza mvumo wa "shhh". Usipitishe kila kitu. Mimi hupitisha dramu na besi kwa pamoja, nikipandisha mshale upite sifuri kidogo, basi. Piga kofi moja mwanzoni ili baadaye upate pa kulinganishia, maana mota ya kaseti haiendi sawasawa na kompyuta. Baada ya dakika tatu utakuta imebaki nyuma. Kata wimbo vipande vinne vitano, kila kipande ukisogeze mahali pake. Kazi ya jioni moja.

Kama huna dekk, plagini ya tepu inafaa, mradi uiweke mapema na kwa kiasi kidogo kwenye kila treki (kila mstari wa sauti uliorekodiwa peke yake), badala ya kuiweka moja kubwa mwishoni. Halafu fanya jambo ambalo vijana wanaliogopa: geuza treki hiyo kuwa sauti iliyokamilika na ufute ile safi.

Naam, ufute. Studio za kampuni ya EMI pale Abbey Road, London, zilifanya kazi za The Beatles za 1966 na 1967 kwa mashine za treki nne. Nne tu. Zikijaa, walizichanganya na kuzihamishia kwenye treki moja au mbili za tepu nyingine ili wapate nafasi, na baada ya hapo hakuna aliyeweza kurudi kusema besi ipungue. Kila uhamisho uliongeza ukungu, lakini pia ulilazimisha uamuzi. Mtu mwenye treki 90 haamui kitu. Anaahirisha mpaka siku ya kumiksi, na siku hiyo anakuta vitu 90 vinavyogombania mlango mmoja. Nilimpa kijana wa Nkuhungu sharti la treki nne. Alinuna siku mbili.

Maiki mbili na kamba

Makanisa mengi ya mtaani yana dramu, na ukimwendea mzee wa kanisa kwa heshima, siku ya katikati ya wiki unaweza kupewa masaa matatu. Ukumbi wa kanisa wenye dari na viti vya plastiki unatoa sauti nzuri kuliko chumba cha kulala kilichobandikwa trei za mayai, ambazo kwa kweli hazizuii lolote la maana.

Ringo Starr, mpiga dramu wa The Beatles, alirekodiwa 1966 kwa namna ambayo wakubwa wa EMI hawakuizoea. Geoff Emerick, fundi aliyekuwa hajafikisha hata miaka 21, alisogeza maiki karibu sana na ngoma, akajaza sweta ndani ya ngoma kubwa ili isivume, kisha akapitisha dramu yote kwenye kompresa ya Fairchild, kifaa kinachoshusha sauti zinapokuwa kubwa, iliyobana mpaka sauti ikawa inapumua. Ile dramu inayosikika kama imefungiwa kwenye sanduku na bado ni kubwa kuliko nyumba ilitoka hapo. Nyumbani: blanketi kuukuu ndani ya ngoma kubwa, kitambaa cha jikoni juu ya sneya (ile ngoma ndogo yenye mlio mkali), maiki mbili. Moja mbele ya ngoma kubwa, nyingine juu ya kichwa cha mpigaji. Chukua kamba, pima kutoka katikati ya sneya hadi kwenye maiki ya kwanza, kisha hakikisha ya pili iko umbali uleule. Zikitofautiana, mpigo mmoja unafika mara mbili, mawimbi yanagongana na kufutana, na sneya inakonda. Kamba ya katani ya shilingi chache inatatua tatizo ambalo watu hulitibu kwa plagini za dola mia.

Baada ya hapo weka kompresa na uibane bila huruma: ishike haraka, iachie haraka, mpaka matoazi yaanze kunyonywa na kurudi.

Bati lina mambo yake. Bukoba wangekuambia habari ya mvua. Sisi mvua yetu ni ya miezi michache na haichoshi, ila jua likizama bati linapoa na kujikunja, tak, tak, kwa karibu nusu saa. Usirekodi sauti ya kuimba saa kumi na mbili jioni. Au rekodi, ukizipenda hizo tak.

Kuna jambo jingine lisilouzwa dukani. Wanamuziki wale walipiga pamoja. Bendi zetu zilifanya hivyohivyo kwenye studio ya Radio Tanzania Dar es Salaam: wote ndani, tepu ikizunguka, akikosea mmoja mnaanza upya. Patrick Balisidya, mzaliwa wa Mvumi hapahapa Dodoma, alirekodi na Afro 70 enzi hizo, na ukisikiliza vizuri wimbo wa bendi za wakati ule utaona kasi mwishoni si ile ya mwanzo. Kiitikio kinakimbia kidogo, ubeti unapumua. Programu za leo zinakupa mdundo wa saa na kukunyooshea kila pigo. Zima. Hata kama mko wawili tu, dramu na gitaa, pigeni kwa kutazamana, na maiki ya dramu ikisikia gitaa kidogo, iacheni isikie. Sauti kuvuja kutoka maiki hadi maiki ndiyo gundi.

Kucheza na muda

Sehemu hii ndiyo inayowapendeza watu zaidi, na ni rahisi kuliko zote, kwa sababu karibu kila kimbwanga cha saikideliki ni kitu kimoja: sauti ileile ikisikika mara mbili, ya pili ikiwa imechelewa.

Mwangwi wa tepu ulipatikana kwa sababu hedi inayorekodi na hedi inayosoma hazikukaa mahali pamoja. Zikiachana sentimita 5 na tepu ikakimbia sentimita 19 kwa sekunde, mwangwi unachelewa kama milisekunde 263. Ukiongeza kasi mara mbili, unabaki nusu yake. Kwenye plagini namba hizo unaziandika tu. Kinachosahaulika ni kwamba kila marudio yalipita kwenye tepu upya, kwa hiyo la pili lilikuwa na giza kuliko la kwanza, la tatu giza zaidi, na yote yaliyumbayumba kidogo kwa sababu mota haikuwa kamilifu. Kata sauti za juu ya hezi 3,000 na za chini ya 200 ndani ya mzunguko wa mwangwi, kisha ongeza kuyumba kidogo. Mwangwi safi unaorudia neno kwa usahihi ni wa mtangazaji wa mnada.

Punguza kuchelewa mpaka milisekunde 20 hadi 40 na mwangwi unapotea. Badala yake unasikia waimbaji wawili. Hilo ndilo Ken Townsend alilolitengeneza EMI 1966, kwa sababu John Lennon wa The Beatles alichoka kuimba kila wimbo mara mbili. Shuka tena, milisekunde chache zinazosogea kuelekea sifuri na kuvuka, na unapata ule mfyonzo kama ndege inapita juu, unaoitwa flanja. Uko wazi kwenye "Itchycoo Park" ya Small Faces, 1967. Nakili treki, sogeza nakala mbele kidogo, kisha ibadilishe kasi kwa mkono mpaka iipite ile ya kwanza. Plagini nyingi za flanja hazivuki sifuri, na pale zinapovuka ndipo utamu ulipo.

Lennon huyohuyo alitaka sauti yake kwenye "Tomorrow Never Knows" itoke kama ya mtu aliye juu ya mlima. Wakaipitisha kwenye spika ya Leslie, spika ya kinanda ambayo pembe yake inazunguka. Ikikuelekea sauti inapanda, ikikuacha inashuka, kama bodaboda inayokupita. Leslie halisi ni kabati zima na sijawahi kuiona moja Dodoma. Nilichofanya ni kufunga spika ndogo ya bluetooth kwenye kamba, kuinyonga kamba mara thelathini, kisha kuiachia izunguke mbele ya maiki. Inaanza polepole, inapata kasi, inachoka, inageuka upande wa pili. Bluetooth inachelewesha sauti, kwa hiyo lazima uirudishe nyuma ukimaliza. Spika ya kwanza ilikatika kamba ikaenda kugonga sufuria, na mlio huo bado upo kwenye wimbo, umegeuzwa kinyume.

Kugeuza kinyume ni kubonyeza kitufe, ila ukitaka solo ifuate kodi za wimbo (kodi za gitaa, si zile nyingine), geuza wimbo mzima kwanza, piga solo juu ya wimbo uliogeuzwa, kisha geuza vyote virudi. Na kasi: zamani kupunguza kasi ya tepu kulishusha sauti pia, vitu viwili havikuachana. Programu za leo zinavitenganisha na kujisifu. Zima hiyo huduma. Rekodi wimbo ukiwa juu, kisha upunguze kasi kwa karibu asilimia 6, ushuke nusu toni; matoazi yanakuwa mazito na sauti ya mwimbaji inapata usingizi mtamu.

"Tomorrow Never Knows" ina fundisho jingine kwetu: karibu wimbo mzima umekaa juu ya C, mvumo mmoja usiohama, jambo walilolipata kwenye muziki wa India. Wengi wakiutafuta mvumo huo hufungua plagini ya sitari. Kijana wa Nkuhungu nilimwambia amlete babu yake na zeze. Mzee alikaa, akauliza wimbo uko wapi, akaambiwa "popote, babu," akapiga dakika kumi na moja bila kusimama.

Tangi

Wakubwa hawakuwa na plagini ya riverbu, ule mvumo unaobaki chumbani baada ya sauti. Walikuwa na vyumba. Abbey Road ilikuwa na chumba tupu chenye kuta ngumu, spika upande huu, maiki upande ule. Sauti ilitumwa humo, ikazunguka, ikarudi. Wengine walitumia EMT 140 ya Wajerumani, bamba la chuma la karibu mita mbili kwa moja lililoning'inizwa ndani ya kasha.

Nyumba nyingi hapa zina tangi la saruji chini ya ardhi kwa sababu maji ni ya zamu. Likiwa tupu, ni chumba cha mwangwi kinachostahili kodi ya studio. Tulisubiri siku ya mgao, tukateremsha spika kwa kamba na maiki kwenye kona nyingine, kila kimoja kimefungwa kwenye mfuko wa nailoni kwa sababu ya unyevu, tukatuma humo sauti ya kuimba na zeze la babu. Kabla ya kutuma, tulikata besi yote. Besi ikiingia kwenye tangi haitoki, inaunguruma tu. Kilichorudi kilikuwa na sekunde tatu za ukungu na harufu, kama sauti inaweza kuwa na harufu, ya saruji mbichi.

Kumiksi kulikuwa kazi ndogo, kwa sababu treki zilikuwa nne na kila kitu kilishaamuliwa. Dramu na besi tukazitupa zote kushoto, zeze na tangi kulia, sauti katikati. Mtu aliyezoea miksi za leo ataona ni wazimu, lakini miksa nyingi za wakati ule ziliweza kuelekeza kitu kushoto, kulia au katikati tu, na wengi walimaliza kwanza miksi ya spika moja ambayo ndiyo iliyokuwa na maana kwao. Nasi tuliisikiliza kwanza kwenye spika moja ya redio. Juu ya hezi 12,000 tukakata taratibu. Hatukuibana ili iwe na kelele; mitandao mingi ya kusikilizia muziki huzishusha yenyewe nyimbo zenye kelele, kwa hiyo ungekuwa unaua dramu bure.

Tulitaka kurudia kiitikio mara moja zaidi kwenye tangi, kijana alisema sauti yake ilitetereka. Tukiwa tunabishana, bomba likaanza kukohoa hewa. Tulivuta spika na maiki mbio mbio, na kufikia saa moja usiku chumba chetu cha mwangwi kilikuwa kimejaa maji mpaka mdomoni.